Kuwekeza katika Vituo Vikubwa vya Umeme wa Jua: Hukumu Yake na Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kutoa Fedha

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Swali hili hutufikia kwa sura nyingi. Mmoja amestaafu na amepokea kiinua mgongo. Mwengine ndugu wameuza nyumba ya urithi na kila mtu ana fungu lake mkononi. Mwengine ni mama mjane anayewashikia watoto fedha za marehemu baba yao. Wote wameambiwa kwamba kuna kampuni inajenga kituo kikubwa cha umeme wa jua, itauza umeme kwa mahoteli, viwanda na mashirika, na anayeweka fedha atapata faida kila mwezi au kila mwaka. Wanauliza: ni halali?

Jawabu kwa ufupi ni hili. Kujenga kituo cha umeme wa jua na kuuza umeme ni biashara halali, na mwenye nia njema anatarajiwa kupata thawabu kwa manufaa yanayowafikia watu. Lakini uhalali wa jua hauhalalishi kila mkataba unaoandikwa chini yake. Ukiwa umenunua sehemu ya kituo, ukapata faida kinapopata na ukaumia kinapoumia, umefanya biashara. Ukiwa umetoa fedha ili zirudi zote pamoja na nyongeza iliyodhaminiwa, huo ni mkopo wa riba, hata kama fedha hizo zimenunua paneli. Maelezo yanafuata.

Kituo cha umeme wa jua na mapato yake

Hatuzungumzii hapa sola ya juu ya paa la nyumba. Tunazungumzia eneo la ardhi lililotandikwa maelfu ya paneli zenye kupokea mwanga na kutoa umeme, mashine za inveta zenye kuugeuza umeme huo uwe kama unaotumika majumbani, na waya wa kuupeleka kwa mteja au kwenye mtandao wa shirika la umeme.

Ukubwa wake hupimwa kwa megawati. Kwa kukadiria, megawati moja huhitaji hekta moja hadi mbili. Kwa kipimo tulichokizoea hapa Visiwani, ni sawa na shamba moja la eka tatu au karibu mawili. Kwa hiyo kituo cha megawati 50 huchukua hekta 50 hadi 100. Katika nchi zenye jua kama letu, megawati moja huweza kutoa uniti kiasi cha milioni 1.4 kwa mwaka, zaidi au pungufu kwa kutegemea mawingu, vumbi na matunzo. Paneli hudumu miaka 25 au zaidi huku nguvu yake ikipungua kidogo kila mwaka. Inveta huchakaa mapema zaidi na mara nyingi hubadilishwa baada ya miaka 10 hadi 15. Karibu na bahari, chumvi hula vyuma na viungio. Mtu anayekuambia kuwa kituo cha sola hakina gharama baada ya kujengwa hajakueleza ukweli wote.

Mapato hutoka mahali pamoja: mkataba wa kuuza umeme. Mteja, ambaye ni shirika la umeme, kiwanda au hoteli, hukubali kununua uniti kwa bei maalumu kwa miaka mingi, mara nyingi 20 na zaidi. Bila ya mkataba huo, paneli ni vioo tu juani. Anayewekeza katika kituo kwa hakika anawekeza katika uwezo na uaminifu wa mteja huyo kulipa.

Haja ya umeme wa aina hii kwetu ni ya kweli. Unguja inapata umeme kwa waya wa baharini kutoka Bara tangu 1980, na Pemba iliungwa kutoka Tanga mwaka 2010 baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya Wesha. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2008, Unguja ilipokaa bila ya umeme kwa kiasi cha mwezi mmoja, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Visima vilikosa pampu, samaki waliharibika, na wenye biashara ndogo ndogo waliumia zaidi. Kuwa na umeme unaozalishwa hapa hapa ni maslahi ya umma. Maslahi hayo ndiyo yanayofanya suala hili lihitaji uangalifu, kwa sababu jambo jema ni rahisi kutumiwa kuwavuta watu katika mkataba mbaya.

Je, jua linaweza kuuzwa?

Wako wanaouliza: jua ni neema ya Mwenyezi Mungu kwa wote, vipi mtu alitie bei? Wanategemea hadithi iliyopokewa na Abu Daud, ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) amebainisha kuwa Waislamu wanashirikiana katika maji, malisho na moto.

Ni kweli kwamba jua halimilikiwi na mtu, na hakuna anayeweza kumzuia jirani yake asiote jua. Lakini kinachouzwa hapa ni kazi na mtaji uliotumika kuugeuza mwanga kuwa umeme uliopimwa na kufikishwa mlangoni. Maji ya mtoni ni ya wote, lakini aliyeyateka akayabeba kwa ndoo zake anaruhusiwa kuyauza. Wanazuoni wametofautisha baina ya maji yaliyo mahali pake na maji yaliyohifadhiwa katika chombo cha mtu. Umeme unafuata kiasi hicho hicho.

Ama hofu ya gharar, yaani kuuza kisichojulikana, ambayo Mtume (S.A.W.) ameikataza katika hadithi iliyopokewa na Muslim, hapa inaondoka kwa sababu bei ya kila uniti imekubaliwa na kiasi kinapimwa kwa mita. Mtu analipia kilichompitia, kama tunavyolipa umeme wetu wa Tukuza kila siku.

Njia tatu za kutoa fedha

Mtu wa kawaida huingiza fedha zake kwa njia moja kati ya tatu, na hukumu hufuata njia, sio jina la mradi.

Njia ya kwanza ni hisa. Unanunua sehemu ya kampuni inayomiliki kituo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu la Jedda, katika azimio nambari 63 la mwaka 1992, limeeleza kuwa hisa ni fungu la pamoja katika mali za kampuni. Kwa hiyo aliyenunua hisa ana sehemu katika kila paneli na kila inveta, ijapokuwa haijatengwa. Hii ni sharika, na asili yake ni halali.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, faida na hasara za sharika hugawanywa kwa kadiri ya mitaji. Aliyetoa asilimia kumi ya mtaji anapata asilimia kumi ya faida na anabeba asilimia kumi ya hasara. Anayesimamia kazi, kama anataka malipo ya kazi yake, aajiriwe kwa ujira unaojulikana. Wako wanaopendelea kuuita mpango huu mudharaba, lakini Mashafi wameifunga mudharaba katika kununua na kuuza. Hawakuiruhusu, kwa mfano, kwa fedha za kununulia ngano ili isagwe na kuokwa mikate. Kituo cha kuzalisha umeme kipo mbali na mudharaba ya namna hiyo. Kwa hiyo umiliki wa pamoja na msimamizi wa kulipwa ndiyo sura iliyo salama zaidi kwetu.

Njia ya pili ni mkopo au hati fungani ya kawaida. Unatoa fedha, kampuni inaahidi kukulipa asilimia fulani kila mwaka, na mwisho inarudisha mtaji wote, kituo kipate au kikose. Hii haijuzu. Suratul Baqara, aya ya 275, imetenganisha baina ya biashara na riba, na imewajibu wale waliodai kuwa mambo hayo mawili ni sawa. Kuita mkopo huo wa kijani au wa kuhifadhi mazingira hakubadilishi hukumu yake.

Tuchukue mfano wa hesabu. Familia ina shilingi milioni 40, na kituo kizima kinagharimu bilioni 4. Mtu wa kwanza anawaambia: leteni fedha, kila mwezi nitakupeni laki nne, na baada ya miaka mitano mtaji wenu wote mtarudishiwa. Hizo ni milioni 4.8 kwa mwaka. Wa pili anawaambia: mtakuwa na asilimia moja ya kituo. Mwaka kikipata faida ya milioni 360, fungu lenu ni milioni 3.6, mwaka ambao mteja hakulipa au radi imechoma inveta, huenda msipate kitu. Wa kwanza anaonekana kutoa zaidi na kwa usalama zaidi, na wengi humkimbilia yeye. Lakini ahadi yake ni riba. Tena ni ahadi dhaifu, kwa sababu kituo kikianguka hana pa kuitoa laki nne, na familia haina hata paneli moja ya kuidai kuwa ni yake.

Njia ya tatu ni sukuk. Hizi ni hati zenye kuthibitisha kuwa mwenye nazo ana sehemu katika mali, manufaa au mradi. Neno hili sio geni tena kwetu, kwani mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilizindua sukuk yake ya kwanza. Wengi huuliza: mbona sukuk nazo hutangaza asilimia ya malipo, tofauti yake na riba ni ipi?

Tofauti ipo kama hati imesimama juu ya kitu cha kweli. Sukuk ya ijara ni mfano ulio wazi: wenye hati wanamiliki mali, mali inakodishwa, na kodi inagawanywa kwao. Kodi inaweza kujulikana mapema, kama vile mwenye nyumba anavyojua kodi ya mpangaji wake. Lakini mali ikiteketea bila ya kosa la mpangaji, kodi inakatika, na hasara ni ya wenye mali. Basi ukionyeshwa sukuk ya kituo cha sola, uliza swali moja: upepo ukizing'oa paneli zote usiku mmoja, malipo yangu yanaendelea? Ukijibiwa kuwa mtoa hati atalipa vile vile kwa namna yoyote, na kwamba ameahidi kuinunua mali kwa bei ile ile ya mwanzo, jua kuwa umiliki ulioandikwa ni jina tu. Dhamana ya mtu wa tatu aliye mbali na mradi, anayejitolea bila ya malipo, imeruhusiwa na Baraza la Fiqhi katika azimio nambari 30 la mwaka 1988. Dhamana ya msimamizi mwenyewe juu ya mtaji na faida haikuruhusiwa.

Funzo kutoka Malaysia

Malaysia inatufaa kuwa mfano kwa sababu mbili: Waislamu wake wengi ni Mashafi kama sisi, na huko ndiko sukuk ya kwanza duniani ya kijani ilikotolewa. Ilikuwa Julai 2017. Kampuni ya Tadau Energy ilitoa sukuk ya ringgit milioni 250 kwa ajili ya kituo cha megawati 50 huko Kudat, jimbo la Sabah. Miezi michache baadaye, Oktoba 2017, Quantum Solar Park ilitoa sukuk ya ringgit bilioni moja kwa vituo vitatu vya jumla ya megawati 150 katika majimbo ya Kedah, Melaka na Terengganu. Miradi yote miwili ilikuwa tayari na mikataba ya miaka 21 ya kuuza umeme kwa mashirika ya umeme ya huko. Hapana aliyeombwa fedha kwa kutegemea mteja atakayetafutwa baadaye.

Ukitazama juu juu, sukuk hizi mbili ni ndugu. Zote za jua, zote zimeitwa za kijani. Lakini akdi zake ni tofauti.

Ya Tadau ilijengwa juu ya istisnaa na ijara, yaani kuagiza kitu kitengenezwe, kisha kukikodisha. Fedha zinafuata kituo chenyewe. Mwanafunzi wa fiqhi atauliza kuhusu istisnaa, kwa sababu Mashafi wa zamani waliihesabu kuwa ni salam na wakashurutisha malipo yote yatolewe katika kikao cha mkataba. Ni kweli. Baraza la Fiqhi, katika azimio nambari 65 la mwaka 1992, limechukua rai ya Mahanafi na kuruhusu malipo ya awamu, kwa sharti kwamba sifa za kitu, kiasi chake na muda wake vibainishwe. Kwa ujenzi mkubwa wa leo, rai hiyo ina nguvu, na kuifuata hakuna ubaya.

Ya Quantum ilijengwa juu ya murabaha kwa njia ya tawarruq. Maana yake, bidhaa hununuliwa sokoni na kuuzwa kwa mkopo kwa bei ya juu, kisha huuzwa tena papo hapo ili fedha taslimu zipatikane, na deni ndilo linalobaki. Bidhaa hiyo haihusiani na paneli hata moja. Mamlaka za Malaysia zinaruhusu njia hii. Lakini Baraza la Fiqhi, katika azimio nambari 179 la mwaka 2009 lililotolewa Sharjah, limeikataza tawarruq ya kupangwa kwa sababu ni hila ya kupata fedha kwa nyongeza. Rai yangu ni kuwa Muislamu mwenye nafasi ya kuchagua aiepuke.

Funzo kwa msomaji ni kwamba neno sukuk peke yake halitoshi, wala picha ya paneli kwenye kipeperushi haitoshi. Iulizwe akdi.

Kampuni ikiwa na mkopo wa benki

Vituo vingi vikubwa hujengwa kwa mtaji wa wenye hisa na sehemu kubwa zaidi ya mkopo wa benki wa riba. Je, hisa zake zinunuliwe?

Wanazuoni wa zama hizi wana rai mbili. Baraza la Fiqhi, katika azimio lile lile la 63, limesema asili ni uharamu wa kushiriki katika kampuni ambayo kazi yake ni halali lakini wakati mwengine inaamiliana kwa riba. Taasisi ya viwango ya AAOIFI, katika kiwango nambari 21, imeruhusu kwa masharti, yakiwemo: mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya soko ya kampuni, amana za riba zisizidi asilimia 30, na pato la haramu lisizidi asilimia 5, na fungu hilo litolewe.

Zingatia kuwa hata kwa rai nyepesi zaidi, kituo kilichojengwa kwa asilimia 70 ya mkopo wa riba kiko mbali na kipimo hicho. Na sisi tunaoanzisha miradi mipya hatuna udhuru wa kuanza na riba wakati ijara, sharika na madirisha ya benki za Kiislamu yapo. Iangaliwe pia faini ya mteja anayechelewa kulipa: ikiwa ni asilimia inayoongezeka kwa siku, fedha hiyo isiingie katika faida ya wenye hisa, bali itolewe kwa masikini.

Umeme unaouzwa kwa mahoteli

Hili ni suala letu hasa, kwa kuwa wateja wakubwa wa umeme hapa ni mahoteli, na baadhi yake huuza ulevi. Je, faida inaharibika?

Katika kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi na sherehe zake, limezungumzwa suala la kumuuzia zabibu mtu anayekamua mvinyo. Ikijulikana kwa yakini au kwa dhana yenye nguvu kuwa atafanya hivyo, kuuza ni haramu. Ikiwa ni shaka tu, ni makuruhu. Umeme wa hoteli haulingani moja kwa moja na zabibu hizo. Matumizi yake makubwa ni taa, viyoyozi, maji, majiko na dobi, na shirika la umeme linamuuzia kila mtu bila ya kuonekana kushiriki dhambi yake. Kwa hiyo kuiuzia hoteli umeme kunajuzu. Ama kujenga kituo maalumu kwa kiwanda cha ulevi au nyumba ya kamari, hilo halijuzu, kwa sababu hapo lengo lenyewe ni maasi.

Ardhi isiwe ya dhulma

Kituo hakiwezi kuwa safi juu ya ardhi ya dhulma. Hapa Zanzibar ardhi ni ya umma chini ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuitumia. Lakini juu yake kuna minazi, mikarafuu, miembe na mihogo ya watu, kuna makaburi, njia za kwendea pwani na visima. Wako wenye miti wasiokuwa na hati yoyote mkononi, na kijiji kizima kinajua kuwa miti ni yao.

Haki ya watu hawa haifutwi na kibali cha mradi. Muulize mwenye kampuni: waliokuwa wakilitumia eneo hili ni nani, wamelipwa nini, na wameridhika? Na kama eneo ni la wakfu, lisiguswe bila ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, likodishwe kwa ujira wa soko, na kodi iende pale mwekaji wakfu alipopataja.

Alama za upatu uliovalishwa paneli

Wako wanaotumia jina la sola kukusanya fedha ilhali hapana kituo. Alama zao hazijifichi. Faida yao ni ya kila siku au kila wiki, na haibadiliki iwe kiangazi au masika, jambo ambalo jua lenyewe haliwezi kulifanya. Unalipwa zaidi kwa kuleta watu kuliko kwa umeme kuuzwa. Unanunua paneli ndani ya simu, lakini huwezi kwenda kuigusa. Hakuna jina la mteja wa umeme. Unapotaka kutoa mtaji, unaambiwa ulipie kwanza ada nyengine.

Mpango kama huu ni kula mali za watu kwa batili. Anayelipwa mwanzoni analipwa kwa fedha ya aliyekuja nyuma yake, na pengine huyo ni shangazi yake au jirani yake aliyemshawishi mwenyewe. Aliyekwishaingia asiongeze mtu mwengine, na alichokipata zaidi ya mtaji wake akirudishe kwa wenyewe kama anawajua.

Fedha za yatima, za Hijja na za mirathi

Suratul An'am, aya ya 152, imekataza kuikaribia mali ya yatima ila kwa njia iliyo bora. Wali anaruhusiwa kuifanyia biashara mali hiyo kwa maslahi ya mtoto. Lakini mtaji wa kituo cha sola hufungwa kwa miaka mingi, na mtoto anahitaji skuli, matibabu na chakula sasa. Kwa hiyo wali asiweke fedha zote za yatima katika mradi mmoja, wala asiziweke katika mradi ambao bado hauna mkataba wa kuuza umeme. Akifanya uzembe, yeye ndiye atakayedhamini.

Kuhusu Hijja, Imam Shafi ameruhusu kuichelewesha kwa mwenye azma, maadamu hajahofia kushindwa. Mzee aliyekwishapata uwezo na afya yake inapungua asiifungie fedha yake ya Hijja katika paneli za miaka ishirini.

Hisa na sukuk ni mali, na mtu akifa zinaingia katika mirathi. Jina lililoandikwa kwenye fomu ya kampuni kuwa ndilo litakalopokea malipo halimfanyi mwenye jina hilo kuwa mmiliki pekee. Yeye ni mpokeaji kwa niaba ya warithi, na mafungu yanabaki kama yalivyopangwa katika Suratun Nisaa. Andika ulicho nacho, mwambie mwenzako wa ndoa na watoto wako. Mali isiyojulikana na warithi ni sawa na iliyozama baharini.

Zaka yake

Paneli, inveta na nyaya ni vyombo vya kazi, havitolewi zaka. Kuhusu hisa, Baraza la Fiqhi limefafanua katika azimio nambari 28 la mwaka 1988. Iwapo kampuni haitoi zaka kwa niaba ya wenye hisa, na mwenye hisa hawezi kujua hesabu za ndani, itaangaliwa nia yake. Aliyenunua kwa ajili ya kupata mapato ya kila mwaka hatoi zaka ya thamani ya hisa. Anatoa asilimia 2.5 ya mapato, mwaka ukipita tangu siku aliyoyapokea na nisabu ikitimia pamoja na mali yake nyengine. Nisabu ya dhahabu ni gramu 85. Familia ya mfano wetu iliyopokea milioni 3.6, ikizihifadhi mwaka mzima na nisabu imetimia, itatoa shilingi 90,000. Aliyezitumia kabla ya mwaka kupita hana zaka juu yake.

Ama aliyenunua hisa ili aziuze bei ikipanda, hiyo ni mali ya biashara: atatoa asilimia 2.5 ya thamani yake sokoni kila mwaka. Na aangalie jambo moja. Kampuni ikiwa bado ina fedha taslimu tu, haijanunua ardhi wala paneli, kuuza hisa yake kwa bei ya juu ni kuuza fedha kwa fedha kwa ziada, nayo haijuzu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

1. Ninanunua nini: sehemu ya kituo, au ninakopesha?
2. Kituo kikiharibika bila ya kosa la mtu, hasara ni ya nani?
3. Nani mnunuzi wa umeme, kwa miaka mingapi, na mkataba umekwishasainiwa?
4. Kiasi gani cha ujenzi ni mkopo wa riba?
5. Akdi ni ipi, na ni wanazuoni gani walioipitia? Majina yao yapo?
6. Leseni ya ZURA ipo? Mradi unajulikana na ZIPA? Kama hisa zinauzwa kwa umma Bara, CMSA imeidhinisha?
7. Ardhi imepatikana vipi?
8. Nikitaka kutoka kabla ya muda, ninauza kwa nani na kwa bei gani?
9. Naweza kwenda kukiona kituo?

Mwenye mradi wa kweli atajibu maswali haya bila ya kukasirika. Anayekasirika, au anayekuharakisha usaini leo kwa kuwa kesho nafasi zitakwisha, mwache. Na ukiletewa mkataba kwa lugha usiyoielewa, usisaini mpaka usomewe neno kwa neno na mtu unayemwamini, kisha umuonyeshe mwanazuoni aliye karibu nawe au uupeleke Ofisi ya Mufti.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali, akitie baraka, na atukinge na kula mali za watu kwa batili.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.